Programu ni Bure, Kazi Si Bure: Somo la Kujiajiri kwa Kompyuta Kijijini

Utangulizi

Ndugu wanakamati na wafadhili wetu, katika toleo hili tunaleta somo linalohusu vijana wetu na kompyuta. Tumelichagua kwa sababu maombi ya miradi ya kompyuta yanaongezeka, na kwa sababu kompyuta nyingi zinazotolewa kwa nia njema huishia kufunikwa kitambaa ofisini. Tunaomba somo hili lisomwe katika kikao na lijadiliwe. Maswali ya majadiliano yako mwishoni.

Mfano wetu ni Migato. Kata hii iko katika Wilaya ya Itilima, wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, wakati Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa. Ni nchi ya pamba, mtama, viazi na ng'ombe. Mtu akiitazama kwa haraka anaweza kusema hapa hapana kazi ya kompyuta. Lakini hebu tuhesabu karatasi. Chama cha ushirika cha msingi, yaani AMCOS, kina orodha ya wakulima. Kikundi cha VICOBA kinahitaji katiba, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka vikundi vya aina hiyo visajiliwe. Vijana na akina mama wanaoomba mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, wanatakiwa kuwa na andiko la mradi. Shule ina mitihani ya majaribio. Familia ina harusi, na siku nyingine ina msiba. Parokia yenyewe ina mihtasari, taarifa na ratiba.

Katika vijiji vyetu vingi, katibu anayetaka kurasa nane zichapwe hupanda bodaboda hadi mjini, hulipa nauli, hukaa kwenye foleni, na akifika nyumbani akakuta jina limekosewa hurudi tena kesho yake. Nauli hiyo ya kwenda na kurudi ni fedha ambayo tayari inatumika. Kijana wa kijijini anayejua kompyuta anaweza kuipata kwa haki, naye mteja akabaki na nafuu.

1. Programu huria ni nini?

Kompyuta bila programu ni sanduku tu. Programu ndiyo inayoiwezesha kuandika, kuhesabu, kuchora na kurekodi sauti. Wengi wetu tumezoea programu za kununua, na kwa kuwa bei yake ni kubwa, tumezoea pia kuzinakili kwa siri kutoka kwa rafiki. Tuseme wazi kwamba kunakili programu ya kununua bila kibali cha mwenyewe ni kosa. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kijana anayeanza biashara kwa programu ya wizi ameanza na kosa, na mara nyingi nakala hizo huja na virusi vinavyoharibu kazi za wateja.

Programu huria ni njia nyingine. Msingi wake uliwekwa na Richard Stallman wa Marekani, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Programu huria humpa mtumiaji uhuru wa namna nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza jinsi inavyofanya kazi, kuwagawia wengine nakala zake, na kuirekebisha na kugawa marekebisho hayo. Kwa hiyo parokia ikiwa na nakala moja kwenye flashi, inaweza kuigawa kwa vigango vyote na kwa kila kijana anayeihitaji, bila kuvunja sheria na bila kulipa senti.

Tusichanganye programu huria na kila kitu kinachoitwa "bure". Ziko huduma za intaneti zisizolipiwa ambazo bado ni mali ya kampuni. Leo ni bure, kesho mwenyewe anaweza kuweka bei au kuzifunga, na bila bando hazifanyi kazi. Kwa kijiji ambacho mtandao hukatika, programu iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe ndiyo ya kutegemewa.

Jambo hili si geni Tanzania. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria ya ofisi ya OpenOffice.org iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Waliweza kufanya hivyo bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote, kwa sababu leseni iliwaruhusu. Mwaka 2010 baadhi ya watengenezaji wa OpenOffice.org walijitenga wakaanzisha LibreOffice, ambayo ndiyo tunayoishauri leo.

2. Zana za kuanzia

Hakuna haja ya kujifunza programu ishirini. Kijana achague chache kulingana na kazi zinazopatikana karibu naye.

*LibreOffice.* Hii ni ya barua, katiba, mihtasari, mitihani, orodha na hesabu. Ina sehemu ya kuandika na sehemu ya majedwali ya hesabu, na hufungua mafaili yaliyoandikwa kwa Microsoft Word na Excel. Tahadhari moja: mpangilio wa faili huweza kuhama kidogo linapofunguliwa kwenye kompyuta yenye programu nyingine. Kwa hiyo, kazi iliyokamilika apewe mteja kwa mfumo wa PDF, ambao hauhami, na faili la asili abaki nalo mchapaji kwa masahihisho.

*Inkscape na GIMP.* Inkscape ni ya kuchora na kupanga kadi za harusi, mabango na nembo za vikundi. GIMP ni ya kusafisha na kukata picha. Kwa kijarida cha kurasa nyingi ipo Scribus.

*Audacity.* Hii ni ya kurekodi na kusafisha sauti. Simiyu ni nchi ya ngoma. Baada ya mavuno vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana, na kwaya nazo zinapenda kusikika. Kijana mwenye kinasa sauti na sikio zuri ana kazi hapo.

*Linux.* Huu ni mfumo mzima wa kuendesha kompyuta, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Uko katika matoleo mengi, kama Ubuntu na Linux Mint. Unafaa hasa kwa mashine za zamani, na virusi vingi vinavyozunguka kwenye flashi za wateja haviuathiri.

Mafaili ya kusakinisha programu hizi ni makubwa. Ni vema kuyapakua mara moja mjini penye mtandao mzuri, kutoka kwenye tovuti za watengenezaji wenyewe, na kuyahifadhi kwenye flashi ya parokia isiyotumika kwa kazi nyingine.

3. Hesabu ambayo wengi huikwepa

Hapa ndipo penye moyo wa somo letu. Kijana akisikia programu ni bure, hudhani biashara yake haina gharama, na mteja naye hudhani hivyo hivyo. Matokeo yake ni bei ndogo zinazoua kazi polepole. Tuchukue mfano wa hesabu. Takwimu hizi ni za kufundishia tu, kila mahali waweke bei zao.

Vifaa (kompyuta na printa) vimenunuliwa kwa shilingi 1,080,000 na vinatarajiwa kudumu miezi 36. Kila mwezi vinachakaa kwa thamani ya sh. 30,000. Umeme na bando ni sh. 25,000, chumba sh. 20,000, na akiba ya matengenezo sh. 15,000. Jumla ni sh. 90,000 kwa mwezi. Akifanya kazi siku 25, gharama ya kila siku ni sh. 3,600. Kijana naye ale: ajiwekee ujira wa sh. 8,000 kwa siku. Jumla inakuwa sh. 11,600 kwa siku.

Si kila saa ya siku inalipwa. Kuna kufagia, kuzungumza na wateja, kusubiri umeme. Tuseme saa zinazolipwa ni 5. Gawanya 11,600 kwa 5, unapata sh. 2,320 kwa saa.

Sasa anakuja katibu wa ushirika na daftari lenye majina 240 ya wakulima, yachapwe pamoja na ekari zao, kurasa 12, nakala 3. Kazi itachukua saa 3, yaani sh. 6,960. Karatasi 36 pamoja na wino, kwa sh. 76 kila moja, ni sh. 2,736. Jumla ni sh. 9,696. Bei ya haki ni kama sh. 10,000.

Lakini kijana wetu amezoea kutoza sh. 500 kwa ukurasa. Atapokea sh. 6,000. Akitoa karatasi na wino zinabaki sh. 3,264. Akitoa gharama zake za kudumu za saa hizo 3, ambazo ni sh. 2,160, zinabaki sh. 1,104. Kwa mwendo huo atapata sh. 1,840 kwa siku badala ya 8,000. Hataona hasara hiyo leo wala kesho, kwa sababu mfukoni zipo sh. 6,000. Ataiona siku printa itakapokufa na fedha ya kununua nyingine haipo. Siku hiyo watu watasema, "Vijana wa siku hizi hawadumu na kitu." Kumbe walioimaliza biashara ni wateja wake, na sisi tumo.

Kwa hiyo ziko kanuni mbili. Kwanza, kazi za kawaida kama barua ya ukurasa mmoja ziwe na bei iliyobandikwa ukutani. Pili, kazi kubwa zikadiriwe kwa saa na kuandikiwa ankara kabla ya kuanza, na mteja alipe nusu kwanza. Mwanzo wa kikao au harusi si mahali pa kujadiliana bei.

4. Daftari na majira ya mwaka

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kuna programu huria ya uhasibu iitwayo GnuCash, nayo ni nzuri kwa aliyesoma hesabu za biashara. Kwa anayeanza, jedwali moja la LibreOffice lenye safu sita linatosha: tarehe, mteja, kazi, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, na deni. Kila jioni lijazwe kabla kompyuta haijazimwa. Kila Jumamosi nakala iwekwe kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, kwa maana mwizi na moto havibagui.

Daftari lina faida ya pili. Mfanyabiashara anayekwenda TRA na kumbukumbu zake huzungumza kwa hoja. Asiye nazo hukadiriwa tu. Na siku atakapoomba mkopo, daftari la miezi 12 litamsemea kuliko barua ya utambulisho.

Migato inaishi kwa majira. Ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, na ndipo fedha huonekana mikononi. Baada ya hapo huja harusi na ngoma. Mtihani wa taifa wa darasa la saba hufanyika Septemba, hivyo miezi ya kabla yake shule zina majaribio mengi ya kuchapa. Kisha huja msimu wa kulima na kupanda, ambapo kila mtu yuko shambani na meza ya mchapaji inakaa kimya. Kijana asiyejua majira haya atakula fedha ya Julai akiwa Julai, na Januari atauza printa. Anayeyajua atatenga sehemu ya mapato ya miezi ya neema kwa ajili ya miezi ya ukame, kama mama anavyokausha viazi na kuweka michembe kwa ajili ya miezi ya njaa.

Kwa wale wanaoota wateja wa mbali kupitia intaneti, ndoto hiyo si mbaya. Mtafsiri mwenye Kiingereza na Kiswahili kizuri anaweza kutumia OmegaT, programu huria ya kusaidia kazi ya tafsiri. Lakini wateja wa kwanza wawe wale wanaofikiwa kwa baiskeli. Hao ndio watakaomfundisha kutimiza ahadi.

5. Uaminifu wa meza ya mchapaji

Anayechapa nyaraka za watu anajua mambo mengi: nani anadaiwa na kikundi, nani ana ekari ngapi, namba za simu na za vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa hizo. Kwa lugha ya nyumbani, siri ya mteja si habari ya kilabuni. Faili la mteja lisiachwe wazi kwenye kioo, na lisipewe mtu mwingine hata akiwa kiongozi, bila ridhaa ya mwenyewe.

Lipo pia jaribu lingine, nalo huja mapema. Mtu ataleta cheti na kuomba alama ya D igeuzwe C, au muhuri "usogezwe" kutoka karatasi moja kwenda nyingine. GIMP inaweza kufanya hivyo kwa dakika kumi, na mteja huyo atalipa kuliko wengine wote. Jibu ni hapana, na kamati imwandae kijana kulisema. Kazi moja ya kughushi inatosha kumfikisha mahakamani na kuifunga meza ambayo kijiji kizima kilikuwa kikiitegemea.

6. Wajibu wa kamati na wafadhili

*Tulipe.* Iko desturi katika parokia zetu: muhtasari, ratiba ya ibada na kadi za michango hupelekwa kwa kijana kwa maneno "tuchapie tu, ni kazi ya Mungu". Fundi anayeezeka kanisa tunamlipa. Dereva wa lori la mchanga tunamlipa. Huyu tunamnyima kwa sababu jasho lake halionekani. Tukimaliza karatasi yake na wino wake bila malipo, kazi ya Mungu imefanywa kwa mtaji wa maskini. Kama kijana anataka kutoa, atoe kama waamini wengine: aandike ankara kwa bei kamili, kisha aonyeshe kiasi anachokitoa kuwa sadaka. Hapo kamati itajua imepokea nini, naye atajua ametoa nini.

*Tugharimie kisichokuwa bure.* Katika bajeti ya mradi, mstari wa kununua programu unaweza kufutwa. Fedha hiyo iende kwenye printa imara, betri au sola, wino wa miezi mitatu ya kwanza, na mafunzo. Siku mbili za semina hazitoshi. Afadhali mwalimu arudi nusu siku kila wiki kwa miezi mitatu, kijana akiwa na kazi halisi mezani.

*Tuangalie mashine kabla ya kuituma.* Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya masahihisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Wafadhili wengi wataondoa mashine hizo katika ofisi zao. Tunazipokea kwa shukrani, lakini zijaribiwe kwanza kwa Linux, na zije na chaja na betri zinazofanya kazi. Mashine mbovu inayosafirishwa hadi Simiyu ni mzigo unaomwangukia anayepewa.

*Mali iwe na mwenyewe.* Kompyuta ya wote hutunzwa na wachache. Tunashauri kifaa kikopeshwe kwa mkataba wa maandishi, marejesho yakifuata majira: makubwa baada ya pamba, madogo au hakuna wakati wa kilimo. Kikilipwa kiwe cha kijana, na fedha imkopeshe mwingine.

*Wasichana wasisahaulike.* Mafunzo yakiwekwa jioni katika ofisi iliyo mbali na nyumba za watu, wazazi hawatawaruhusu binti zao. Saa za mchana na mahali pa wazi hugharimu kidogo sana.

*Tuhesabu kilicho muhimu.* Taarifa zetu husema, "kompyuta tano zimetolewa, vijana ishirini wamefundishwa." Baada ya miezi 12 tuulize swali moja: daftari liko wapi? Lenye kurasa zilizojaa hadi Desemba ndilo taarifa ya mradi.

Maswali ya majadiliano

1. Je, kompyuta ya parokia yetu inatumia programu zilizopatikana kwa njia halali? Nani atalichunguza na lini?
2. Katika mwaka uliopita, kazi gani za uchapaji tulizipeleka mjini, na tulitumia kiasi gani pamoja na nauli?
3. Je, yupo kijana tunayemdai kazi bila kumlipa? Tunamdai kwa haki gani?
4. Fanyeni hesabu ya sehemu ya 3 kwa bei za kijijini kwenu. Saa moja ya kazi ingegharimu shilingi ngapi?
5. Miezi ipi ni ya neema kwetu, na ipi ni ya ukame? Ratiba ya marejesho ipangweje?

Hitimisho

Ndugu wasomaji, watu wengi tusiowajua wametoa muda wao kutengeneza programu hizi ili zitumike na yeyote. Hiyo ni zawadi kubwa, na kijana wa Migato ana haki nayo sawa na kijana wa Stockholm. Lakini zawadi hiyo inaishia kwenye kioo cha kompyuta. Umeme, karatasi, wino, saa za kukaa mezani na chakula cha anayekaa hapo vinasubiri kulipiwa. Tunaziomba kamati zianze na swali la tatu, na zitutumie majibu yao ili tuyachapishe kwa faida ya wengine.